Damu ya Amalia ndiyo iliyomtambua

Nélida shoga, leo nimejitia aibu maabarani!

Mjukuu wetu kapatikana. Miaka arobaini na mitano tangu wanajeshi wamchukue mwanangu Rubén na mkewe mjamzito, akazalia kizuizini na mtoto akapewa watu wengine!

Lakini damu iliyomtambua ni ya Amalia, mama wa mkewe. Si yangu. Ya Amalia! Binti wa maabara kasema ndani ya seli mna vitu vinaitwa mitokondria, ndivyo vinavyoitia nguvu, na mtoto hurithi vya mama tu. Vya baba havipiti.

Amalia kifua mbele: "Pole, Hortensia. Damu yangu hiyo."

Wivu ukanipanda, nikapandisha mkono wa gauni. "Nitoboeni tena! Mmeangalia vibaya!" Watu wakageuka kunitazama. Wote!

Baadaye tukaketi na mjukuu kunywa chai ya kibuyu, ile yetu ya kufyonza kwa mrija. Akaushika mrija, akakoroga. Akakoroga, Nélida!

Amalia akang'aka, "We! Mrija haukorogwi! Nani kakufunza?"

Hakuna aliyemfunza. Rubén nilimchapa vidole kwa kosa hilo hilo mpaka akaoa, na hakuacha.

Nikamwambia, "Koroga, baba. Koroga utakavyo."

Kisha nikamgeukia Amalia: "Pole, mwenzangu. Damu yangu hiyo."