Maji ya Josho

Butiama, Mara
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Adventina,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, mama? Habari za Songea na baridi yake? Mchumba wako Samweli naye hajambo? Na kile kikohozi, kimeisha? Mara ya mwisho kwenye simu ulikohoa mpaka nikasahau nilichokuwa nataka kusema. Kunywa maji ya moto, usijifanye kijana.

Sisi huku tu wazima. Jenoveva wangu goti bado linamsumbua, lakini ulimi uko salama kabisa. Mtama umevunwa, si haba. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume, ana baka jeupe usoni, mkorofi huyo! Ningeweza kukuandikia habari za ndama mpaka karatasi iishe, na Mungu anajua ndicho ninachotamani.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa mwalimu Gloria. Unaniomba nisimame mahali pa baba yako siku ya harusi, mwezi wa nane. Jenoveva alipoisoma alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mimi nikatoka nje nikajifanya naangalia mbuzi.

Siwezi, Adventina. Siumwi, wala nauli si tatizo. Ningekupigia simu, lakini najijua: ningesema mtandao unasumbua, nikakata. Kwa hiyo naandika, na barua anaichukua Gloria kesho kutwa akirudi huko, nisipate nafasi ya kuichana.

Unakumbuka samaki walivyokufa mtoni hapa Kitarenge mwezi wa kumi mwaka jana. Mimi ndiye niliyewaua.

Josho la kijiji liko mikononi mwangu, unajua. Jumatano ile tope lilikuwa limejaa hadi nusu, dawa ya kupe imechakaa, na kesho yake ng'ombe wa kijiji kizima wanakuja kuogeshwa. Maji ya namna ile yana shimo lake, mbali na mto. Lakini shimo lilikuwa limefukiwa na udongo, na mimi ndiye niliyekuwa naahidi tangu Pasaka kulichimba upya. Pampu nilikuwa nimeiazima kwa Hamduni, yule fundi wa Bunda, naye alitaka irudi jioni hiyohiyo. Nikaangalia juu. Jua kali, hata wingu la kusingizia hakuna. Nikaelekeza bomba kwenye korongo linaloshuka mtoni, nikajiambia kwamba ardhi imekauka hivi, itayanywa yote. Nikawasha pampu.

Mvua ikaanza alfajiri, ikanyesha siku mbili. Mvua ya kwanza ya vuli! Wewe unajua inapoanza ningu wanafanyaje: wanapanda kutoka ziwani kuja kutaga. Si ndiyo tulikuwaga tunakwenda kuwasikiliza wakichapa maji pale Mawe Matatu, wewe uko darasa la pili, umeshika ufito wa ndoana kwa mikono miwili na kamasi zinatoka? Basi walipanda, wakakutana na maji yangu. Ijumaa asubuhi mto ulikuwa mweupe kwa matumbo. Kambare wazee, sato, furu, hata kaa. Niliokota ningu mmoja jike, nikamminya kidogo tu, mayai yakamwagika kiganjani. Nimeshika samaki maisha yangu yote lakini yule nilimtupa kama kaa la moto.

Jumatatu kukawa na mkutano. Wengine walisema ni wachimba dhahabu, wengine wakasema sabuni za wafuaji. Ndipo mtu akasimama akasema kwa Keraryo kuna utupa. Na kweli upo, uani kwa baba yako, si siri. Majani yake anayaanikaga, anayatia kwenye mahindi yasibunguliwe, na mama yako anayatumia kwa chawa wa kuku. Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Stanislausi, wewe ndiye mtu wa samaki hapa. Utupa unaua samaki au hauui?"

Nikasema, "Unaua." Nikakaa chini.

Si uongo, unaua. Hata ningeapishwa ningesema hivyohivyo. Ndiyo maana linanikaba, mama, kwa sababu nililitafuta neno ambalo si uongo, nikalipata haraka haraka, nikamtwika nalo shemeji yangu.

Walimpiga marufuku kukanyaga mtoni, yeye na nyumba yake yote. Mama yako, dada yangu wa tumbo moja, tangu siku ile anapita mbele ya mlango wangu na ndoo kichwani kwenda kisima cha mbali. Ananisalimu vizuri tu. "Umeamkaje, mdogo wangu?" Afadhali angenitukana.

Kisha ukapiga simu ukaniuliza kama ni kweli. Nikakujibu, mama, hayo yamepita, tuangalie mbele. Aibu yangu hiyo! Wewe unalea vifaranga vya samaki, ndiyo kazi inayokulisha, halafu unaambiwa baba yako ametia sumu mtoni, na mjomba unayemwamini hakanushi. Ulifanya ambalo mtu yeyote angefanya. Ukaacha kumpigia. Miezi minane sasa.

Mwezi wa nne vifaranga ulivyotutafutia vilifika salama kutoka Musoma, kwa bodaboda, kwenye mifuko iliyojazwa hewa. Nilifuata maneno yako yote. Mifuko ikaelea kwanza, tukangoja ubaridi wa maji ya ndani ulingane na wa mto, ndipo nikafungua, vikatoka vyenyewe. Watu wakapiga makofi. Wakanichagua palepale mwenyekiti wa kamati ya mto, eti hakuna anayeupenda mto huu kama mimi. Nikavishwa na fulana! Kuinua macho, namwona baba yako kule juu, nje ya mpaka aliowekewa, amevua kofia, anaangalia. Nyuma yangu wakasema anaona haya. Haya ya nini? Alitaka kuona samaki tu, kama sisi wote.

Hao sato wako wanaendelea vizuri, sasa wamefika upana wa kiganja. Ningu hakuna. Masika yaliponyesha nilikwenda Mawe Matatu nikakaa mpaka nikalowa, sikusikia hata mmoja. Ndoana sijaishika tangu siku ile, na watu wananisifu, wanasema Stanislausi ana subira, anawaacha wakue. Loo!

Jumamosi ya tarehe 21 kuna mkutano wa kijiji. Nitasimama niseme. Nimeshamwambia Jenoveva, na yule mama wa maneno mengi akaniwekea chakula tu, na tangu juzi hajaniita kwa jina. Najua yatakayonipata. Fulana nitavua, josho watampa mwingine, na pengine mimi pia nitakatazwa mtoni. Hilo la mwisho ndilo ninaloliogopa zaidi, nakiri, na nikilifikiria ndipo naona nilichomfanyia baba yako.

Ijumaa, siku moja kabla, nitakwenda kwake nimwambie uso kwa uso. Utauliza kwa nini si leo. Leo naogopa. Lakini pia kuna jambo nataka litangulie, na hilo liko mikononi mwako.

Mpigie baba yako kabla sijafika kwake. Habari ya josho usimwambie, hiyo ni yangu. Wewe muulize tu, "Baba, ulifanya?" Nimejaribu kuukumbuka ule mkutano, mtu kwa mtu, sauti kwa sauti. Tulimzomea, tukamhukumu, tukampangia mpaka. Hakuna aliyemuuliza. Mimi sikumuuliza, na wewe pia hukumuuliza, mwanangu. Baada ya Jumamosi watu wote watamwamini kwa sababu mimi nimesema. Nataka kabla ya hapo awepo mtu mmoja aliyemuuliza yeye, akamwachia nafasi ajibu kwa kinywa chake. Akisema hapana, mwambie umesikia.

Nisalimie Samweli na wazazi wake. Bibi Tereza anakusalimu, anauliza harusini kutakuwa na nyama ya kutosha. Mama yako anakusalimu sana. Hajui kilichomo humu, ila aliniona naandika akaniambia nikutajie kwamba kuku wako mweusi bado anataga.

Mungu akujalie ndoa yenye amani, na siku hiyo mlangoni mwa kanisa mkono utakaoushika uwe wa Keraryo. Mimi nikialikwa, nitakaa benchi la nyuma kabisa.

Wako akupendaye, asiyestahili kusimama mahali pa baba yako,

Mjomba Stanislausi