Mkalimani Wetu Alikuwa Kuku

Mama mkwe wangu mpendwa,

Haya ni maneno ya kwanza kukuambia bila kupitia kwa mtu, kwa mlango au kwa kuku. Ungekuwa hai nisingethubutu. Hata sasa mkono unasita, maana nimezoea kukukimbia. Lakini Jumamosi nitapanda jukwaani kuwachekesha watu kwa habari zako, na kaka yako amenikataza. Nimeona nizungumze na wewe kwanza.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu Kawangware kutibiwa goti? Miaka michache tu baada ya uhuru, Rosa bado ananyonya, nasi tuna chumba kimoja. Kwetu Magharibi mtu haonani uso kwa uso na mama wa mkewe. Hampi mkono, hali mbele yake, halali naye chini ya paa moja, wala jina lake halitaji. Haya, chumba kimoja, wakwe wawili! Mwanao, Mama Rosa, akakutundikia leso katikati ya chumba, mimi nikahamishia blanketi langu kwa rafiki yangu Wekesa, nyumba ya tatu.

Mama Rosa akiwepo mambo yalikwenda. Wewe unamwambia yeye, yeye ananiambia mimi. Kasheshe ilianza asubuhi ile alipowahi sokoni na mboga zake, nami nikaja kutafuta uji kabla ya kutembea hadi Lavington, nilikokuwa nakata nyasi na kumwagilia maua ya watu. Nikasimama nje, mgongo kwenye mlango. Wewe uko ndani. Nikakohoa. Nawe ukakohoa. Mwishowe nikasikia:

"Wewe kuku, ambia huyo mtu uji iko tayari."

Kuku mwenyewe ulikuja naye kwenye kikapu, achinjwe kwa heshima yangu. Nikamgeukia pale alipokuwa akiparua mlangoni.

"Kuku, ambia mama asante sana. Na umuulize goti imeamka aje."

"Kuku, ambia yeye goti iko vile daktari aliiwacha. Na umuulize, huko kwao watu hukula wakisimama kama ng'ombe?"

Tulizungumza hivyo wiki sita. Kuku akanusurika kisu, maana nani amchinje mkalimani? Nilikuja kugundua kwamba nazipenda zile asubuhi. Niliamka mapema kuliko kawaida ili Mama Rosa aondoke nasi tuanze.

Sasa, wakati ule nilikuwa na ugonjwa wangu mwingine. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya chakula cha mchana, ukumbi wa jamii ulifunguliwa kwa yeyote mwenye kitu cha kuonyesha. Mtu aliandika jina lake kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, akiitwa anapanda. Wengine walikuja na gitaa, wengine na kinanda cha mdomo. Mimi nilikuwa na mdomo mtupu. Nilisimama peke yangu mbele ya kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, nikajaribu kuchekesha watu.

Nilishindwa mara mbili. Watu wakimchoka mtu walipiga mabenchi kwa viganja, mabati yakatetemeka, naye akashuka. Mara ya kwanza nilisimulia juu ya mbwa wa memsahibu anayekula nyama kila siku. Ukumbi umejaa wapishi na watunza bustani, mmoja akaniitia, "Hiyo tunajua! Leta ingine!" Sikuwa na ingine. Mama Rosa akaniambia nikipigiwa mabenchi mara ya tatu, basi, niache, tusichekwe mtaani. Nikakubali. Lakini moyoni nilijua nikiacha nitabaki mtu wa kukata nyasi tu hadi nizeeke.

Mara ya tatu nikapanda na habari za kuku. Niliwapa watu mgongo kama vile nimesimama mlangoni kwetu, nikakohoa. Nikajijibu kwa kikohozi chako. Niliposema "Wewe kuku," nusu ya ukumbi, watu wa Magharibi, waliangua vicheko kabla sijamaliza. Wazee walipangusa machozi. Nami nikavimba kichwa, nikaongeza kasi, nikafunga leso, nikageuka niwe wewe. Ndipo nikakuona.

Ulikuwa umekaa benchi la pili. Akina mama wa kanisa walikuwa na zamu ya kuimba siku hiyo, na Mama Rosa, aliyekuwa mmoja wao, hakutaka kukuacha nyumbani peke yako. Mimi hakuna aliyeniambia. Macho yetu yakakutana, wazi kabisa, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani. Nikaruka kutoka jukwaani na leso kichwani, nikatokea mlango wa nyuma, nikajificha nyuma ya tangi la maji. Ndani watu walikuwa wakikanyaga sakafu kwa furaha, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Nitakuungamia jambo. Pale nyuma ya tangi sikuifikiria aibu yako kwanza. Nilifikiria kwamba hatimaye nimechekesha ukumbi mzima na sitaruhusiwa kurudi tena. Nisamehe kwa hilo.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tukaitwa kwa kaka yako Dagoretti. Wewe na wazee mlikuwa ndani. Mimi nilikalishwa nje, juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikisikiliza kupitia ukuta wa mbao. Kaka yako hakuzunguka. "Huyu kijana amekuaibisha mbele ya watu. Alete blanketi ya kukuomba msamaha, na aape leo hii hatapanda tena hapo juu." Wazee wote wakaitikia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuapa.

"Ngojeni," ukasema. "Blanketi alete. Lakini ambieni huyo mkwe anaharakisha. Watu hawajamaliza kucheka, yeye ashaanza ingine. Angoje."

"Dada, hiyo ndiyo hukumu?"

"Ndiyo hiyo."

Mama, hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kazi hii isipokuwa wewe. Nilileta blanketi, nikajifunza kungoja. Kungoja ni kugumu kuliko kusema. Unasimama pale huna kitu mkononi, umewaachia watu nafasi, na hujui kama watacheka au watapiga benchi. Nilingoja Kawangware. Nilingoja hata mjini, kwenye ukumbi karibu na stesheni ya reli, mbele ya makarani wenye tai ambao nilidhani hawana meno. Wakacheka. Na uliporudi nyumbani Magharibi, kila aliyetoka huko alikuja na salamu zako zilezile: "Mama anauliza, siku hizi anangoja?"

Sasa tumekuzika, wiki ya tatu hii. Walipofungua jeneza watu wakuage, sisi wakwe tulikuwa kando ya ua, tukageuza migongo inavyotakiwa. Nilisikia Mama Rosa akilia na sikuweza kwenda kumshika. Niliumia, mama. Baadaye kaka yako akanijia pale uani. "Hiyo ya kuku imezikwa leo. Ukiisema tena unamcheka marehemu." Nilinyamaza, kwa kuwa matanga si mahali pa kubishana. Kunyamaza si kukubali.

Nimekataa. Kanisani walikusifu kwamba ulikuwa mtu wa maombi na mpole. Ni kweli. Lakini hakuna aliyesema kwamba ulikuwa unaweza kumfanya mtu mwenye njaa acheke mpaka uji umtoke puani, tena kupitia mlangoni. Nikifunga mdomo, mama huyo atakuwa amekufa mara mbili. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jana wakati wa chai nilimuuliza Mama Rosa kama atakasirika nikiisema. Alikunja nguo za watoto hadi zikaisha. Kisha akasema, "Ukisema vibaya, nitakasirika." Hilo lilinitosha. Ijumaa nikitoka kazini nitapitia Dagoretti, nimwambie kaka yako mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Akidai blanketi, nitanunua. Akiita kikao, nitakaa juu ya ndoo. Kuapa, siapi.

Nikuambie ninachokiogopa hasa. Jumamosi nitawapa watu mgongo na kumwita kuku. Nitangoja wacheke mpaka wamalize. Kisha nitageuka, nitazame benchi moja hadi jingine, na wote watakuwa watu ninaoruhusiwa kuwatazama.

Lala salama, mama.

Mkweo,
Baba Rosa