Nimeipasua Ndege ya Mume Wangu, Nikaipaka Rangi ya Kucha

Bi Ruweida, assalaam aleikum. Naomba unisaidie na unisitiri, maana dada zangu wakilisikia hili watacheka mwaka mzima. Mimi ni mke wa mtu hapa Tudor, nina miaka hamsini na miwili, na mume wangu, tumwite Qasim, ana duka la vyombo Makadara na ndege mbili ndogo za kurushwa kwa rimoti, moja ya sponji gumu jeupe, kama lile linalokuja ndani ya katoni ya televisheni, na nyengine ya faiba, ile ngumu ya kuundia boti, nyekundu, yang'aa, ameitundika sebuleni na huifuta vumbi kila asubuhi, lakini haijaruka hata siku moja kwa sababu aogopa itakwaruzika. Ile ya sponji aliichoka, basi kila Ijumaa akiwa msikitini mimi na jirani yangu, tumwite Kanze, twaichukua twairusha uwanjani nyuma ya nyumba, ikianguka naiokota, naitia gundi, yaruka tena, na nimekuwa hodari, Bi Ruweida, sikufichi.

Mwezi jana shetani akanijia nikaiteremsha ya faiba. Kanze akaniambia, "Shoga, hiyo nzito, si kama mwenzake." Nikamjibu, "Kwani mimi mgeni?" Ikapaa vizuri hata machozi yakanitoka, lakini kutua ikaja kwa kasi, uwanja una mawe, ikapasuka penye shina la bawa. Nikaubana ufa kwa gundi, nikapaka rangi ya kucha nyekundu mara tatu, nikaitundika na kufukiza udi kuua harufu.

Juzi Qasim anywa chai, aniuliza, "Mama, nibaki na ipi? Kuna bwana wa Nyali, Jeremy, ataka kununua moja, yuaja Jumamosi." Nikisema auze ya faiba, mgeni atauziwa ufa. Nikisema auze ya sponji, Ijumaa zangu zimekwisha. Nimemwambia nafikiria, naye kila tukikaa kula anitazama tu. Nimjibu ipi?

Rubani wa Ijumaa, Tudor

*

Rubani, wa aleikum salaam. Nimecheka, na sasa nitakugombeza.

Rangi ya kucha ni ya kucha. Ndege ikiwa hewani, uzito wote hubebwa na shina la bawa, na gundi yako ya jikoni haitalishika. Jeremy akiirusha, bawa litang'oka na kitu kizito kile kitamwangukia mtu kichwani. Hapo hapana mzaha tena, na lawama haitakuwa ya Jeremy.

Halafu, dada yangu, mume anayeifuta ndege yake kila asubuhi wadhani hajaona? Kwa nini amuulize mtu ambaye, kwa kujua kwake, hajawahi kushika rimoti, abaki na ipi? Amekufungulia mlango useme, nawe umesimama pale wasema wafikiria. Mhurumie.

Kuhusu swali lako: bakini na ya sponji. Uwanja wenu una mawe. Sponji ni nyepesi, hutua polepole, na ikivunjika waiziba mwenyewe. Faiba ni imara na haisumbuliwi na upepo, lakini yataka mahali parefu na laini pa kutua, na mkono uliozoea. Wako bado, hata kama Kanze akupigia makofi.

Basi fanya hivi. Leo hii akimaliza chai, mwambie yote, na Kanze usimtaje. Jumamosi iahirisheni. Ipelekeni ndege kwa fundi wa boti za faiba, aukwangue ufa na kuufunika upya kwa kitambaa cha faiba na dawa yake ya kugandisha, na Jeremy aonyeshwe palipozibwa kabla hajatoa shilingi. Kisha mchukue Qasim uwanjani, umrushie ya sponji akiwa hapo. Akianza kukuelekeza, mpe kiti.