Nusu Kidonge cha Bibi

Nyumba ya kona, nyuma ya gereji,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu nyingi kama nywele nilizokuwa nazo ujanani. Kifua chako kimepona? Mkwe wangu fundi umeme na wale mapacha wanaendeleaje? Sisi wazima. Mimi juzi nimenyanyua gia boksi ya lori peke yangu, na waliokuwepo wakikataa usiwasikilize, wana wivu.

Najua mama yako alikuandikia kwamba Bibi anatutoka. Futa hayo. Leo asubuhi ameniita mvivu mara tatu kabla sijanawa uso. Ndiyo maana nimeshika kalamu mwenyewe, nikupe kisa chote.

Unakumbuka Bibi alivyoanza kuona wateja. Cherehani ameiacha miaka kumi, lakini wateja wakajaa sebuleni, anawaona yeye tu, wakimwita mwizi wa vitambaa. Usingizi ukamruka. Chakula akakataa, eti mama yako amenunuliwa na wateja na anamtilia sumu. Akabaki mifupa.

Nikambeba mgongoni mpaka kliniki ya akili, ghorofa ya tatu, bila kupumzika. Mama yako atasema tulipanda lifti. Sawa, tulipanda, ila mlango wake ulikwama na aliyeufungua ni mimi. Daktari wa wazee ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Akampima damu, moyo na presha, akauliza kama ana homa au mkojo unamchoma, maana hata hayo huwavuruga wazee. Kisha akaandika dawa ya kutuliza hayo maono: nusu kidonge kila jioni. Wiki ya tatu wateja wakaanza kupungua, na Bibi akala.

Hapo kichwa changu kikafanya kazi. Miaka thelathini ya gereji si mchezo. Nikajiambia, kama nusu kidonge imefukuza nusu ya wateja, kizima kitafunga duka. Basi kila asubuhi nikawa nasaga nusu nyingine, naikoroga kwenye chai yake, mama yako asijue.

Wateja wakatoweka wote. Tatizo, na Bibi akaenda nao. Mikono ikakakamaa, uso ukawa kama ukuta, mate yanamtoka, miguu anaiburuza. Siku moja akayumba mlangoni mwa bafu, nikamdaka kwa mkono mmoja. Akaacha hata kutugombeza. Mama yako akadhani ugonjwa umepanda, akaanza kuulizia kituo cha kulelea wazee. Ndipo alipokuandikia ile barua.

Tukarudi kwa daktari. Akakunja na kukunjua kiwiko cha Bibi, akakagua pakiti ya dawa, akaona imeisha kabla ya siku zake. Akamgeukia mama yako. Mpwa wangu, mimi niliyewahi kumkimbiza chui kwa spana, nilianza kuutafuta mlango kwa macho. Lakini ningemwachaje dada yangu abebe mzigo wangu? Nikasema ni mimi.

Daktari hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mwili wa mzee hauiondoi dawa haraka kama wako," akaniambia. "Kwake hiyo nusu ndiyo dozi kamili. Ukiongeza anaanguka, au moyo unagoma, unamzika."

Akamlaza na kusimamisha dawa siku kadhaa, kisha akaanza upya na robo, baadaye nusu. Kila mwezi tunarudi apimwe, na mambo yakitulia muda mrefu ataipunguza tena. Mama yako hakunisemesha siku tisa, na haki yake.

Siku ya kumi na mbili tangu alazwe, tukiwa tumesharudi nyumbani, Bibi alinitazama, akauliza mimi ni mtoto wa nani hata navaa shati lisilo na kifungo. Nikatoka nje nikajificha nyuma ya lori. Ukisikia nililia, ilikuwa vumbi.

Sasa anatembea, anagomba, anapitisha uzi kwenye sindano mara moja. Mteja mmoja bado huja mchana, mama mpole, anakaa tu bila kudai kitu. Daktari kasema huyo tumwache.

Bibi tulimweleza ukweli wa ile chai. Tangu hapo hamezi nusu yake mpaka nitoke chumbani. Mama yako akaingiwa na wasiwasi kwamba hofu ya sumu imerudi, akampigia daktari. Daktari akauliza Bibi anamwogopa nani. Mama yako akajibu, "Kaka yangu peke yake." Nilimsikia daktari akicheka kwenye simu.

"Huo si ugonjwa," akasema. "Hiyo ni akili timamu."

Nisalimie mkwe wangu, mapacha, na wifi yako wa saluni. Mungu akukinge na mabaya ya njiani na akurudishe kwetu ukiwa umenenepa.

Naishia hapa, jioni imefika, natakiwa kutoka. Mwanaume wa miaka hamsini na tatu, ninayeogopwa gereji nzima, nitasimama koridoni kama mtoto aliyefukuzwa darasani, nikimsikiliza mama yangu akimwagiza mama yako ahakikishe komeo limeingia. Sijawahi kuwa na furaha hivi.

Wako akupendaye kuliko wajomba wote,
Mjomba, fundi mkuu.