Mlango Ulipogongwa Mkutanoni

Jumamosi usiku, Ilford, London

Na usingizi haunijii, kwa ajili ya mlango tu.

Mkutano wa wazazi wa skuli yetu ya Kiswahili ulikuwa unakwenda vizuri. Nusu yao walisimama, maana viti havikutosha, na Bi Zuwena hakuninyamazia: "Mwalimu mkuu, skuli gani hii, wazazi wanasimamishwa kama nguzo?"

Mara mlango ukagongwa kwa kishindo.

Watu wazima wote tukaganda, sisi tuliokimbia Unguja baada ya Mapinduzi, ambako mlango ukigongwa hivyo usiku, mtu alichukuliwa. Hakuna aliyesema karibu. Mkono wangu ukainuka wenyewe, ukazima taa.

Gizani mjukuu wangu Salma akacheka. "Babu, it's only the caretaker! Come in!"

Kumbe mtunza ukumbi kagonga kwa mguu. Mikono imemjaa viti, vile vile nilivyomwomba juzi.

Njiani Salma akaniuliza kwa nini nilizima taa. Nikamwambia skuli yetu haina kitu, lazima tubane umeme.

"Oh, okay," akasema. Lakini tulipofika nyumbani, yeye ndiye aliyetangulia kuwasha taa, chumba baada ya chumba.