Ishirini ya Atupele

Ibighi, Alhamisi, Mei 1993

Mdomo wangu huu! Leo sokoni Atupele, mke wa fundi baiskeli, alinipa sarafu ya ishirini anunue ndizi zangu. Nikaona chini ya mwaka kuna kiherufi kidogo, sijawahi kukiona. Nikapaza sauti, "Siku hizi kila mtu mfanyabiashara, hata wa hela bandia! Kamdanganye mwingine!"

"Bibi, nilipewa chenji tu."

Wanawake wakacheka. Akarudisha ndizi kwenye fungu, akanishukuru, "Ndaga, bibi," kwa heshima kabisa, akaondoka na mwanawe. Afadhali angenitukana.

Jioni nimefungua fundo la kanga. Sarafu zangu tatu zina kiherufi kilekile. Nimemwonyesha mwenye duka, akasema, "Hiyo alama ya kiwanda tu, bibi. Hela halali." Na jana mimi ndiye niliyempa Atupele chenji. Kwa mkono huuhuu.

Nilitaka nimpelekee ndizi nyumbani kimyakimya, yaishe. Lakini sikumwaibisha kimyakimya. Kesho nitamwita palepale sokoni, kwa sauti ileile, niseme hela ilikuwa yangu. Hao wanawake nao wanicheke mimi.