Shangazi, Kazi ya Kunong'ona Imenishinda

Nyumbani,
Jumapili asubuhi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na baridi ya huko umeizoea, au bado unalala na soksi? Sisi wazima, ila Baba ana mafua na anaugua kwa kishindo ili kila mtu ajue.

Sasa kaa chini kwanza. Ile kazi ya maktaba uliyonitafutia kwa rafiki yako, nimeiacha. Tafadhali usimpigie Mama simu kabla hujamaliza kusoma.

Nilijitahidi, Shangazi, lakini sauti yangu unaijua. Siku ya kwanza nilimwelekeza msomaji kwenye rafu ya historia, ukumbi mzima ukageuka. Mkuu wetu, huyo rafiki yako, akanivuta kando.

“Binti, nong'ona basi.”

“Nilikuwa nanong'ona, mama.”

Akanitazama kwa huruma. Siku nyingine nilimwamsha kwa upole mzee aliyesinzia juu ya gazeti, akaanguka na kiti chake. Nikahamishiwa stoo, kubandika namba vitabuni. Huko nikawa nalia, maana niliona nakuaibisha, wala sikujua nitafaa wapi. Hata kulia kwenyewe walinisikia.

Mwezi uliopita maktaba ikauza viti na makabati ya zamani kwa mnada, pale uani. Dalali akafika sauti imemkauka. Akifungua mdomo inatoka pumzi tupu. Wanunuzi wakaanza kuondoka. Mkuu akaja stoo mbio: “Njoo! Leo paza sauti utakavyo!”

Shangazi, nilipanda juu ya meza. Sijui maneno yalitoka wapi. Waliokuwa wanaondoka wakarudi, na wapita njia wakaingia kuona kuna nini. Kabati lisilo na mlango nikalinadi kuwa ni kabati lisilomsumbua mtu kutafuta ufunguo, likagombaniwa. Niliuza kila kitu, hadi kiti ambacho mkuu alikitoa ofisini mwake akalie. Ilibidi asimame kumpisha mnunuzi.

Dalali akaniomba nifanye kazi naye. Mkuu aliniruhusu siku hiyohiyo, tena kwa tabasamu ambalo sikuwahi kuliona.

Baba ndiye aliyekasirika. “Nimesomesha mtoto akapige kelele mnadani?” Akaninunia mpaka Jumamosi moja akaja kushuhudia mwenyewe, akasimama nyuma kabisa, mikono kifuani. Nilimwona, lakini nikaendelea kunadi. Jioni akarudi nyumbani amekumbatia saa ya ukutani isiyotembea.

Mama akauliza, “Nani kakuuzia takataka hii?”

“Mwanao,” akasema, na akaitundika sebuleni.

Najua ulinitakia kazi ya kivulini, yenye utulivu. Lakini siku hizi naamka nina hamu ya kwenda kazini, na hilo sikuwahi kulijua.

Nisalimie binamu zangu wote, hasa kitinda mimba wako. Mungu akuzungushie ulinzi wake huko ugenini. Kama umekasirika, piga simu unigombeze. Ila nikianza kujitetea, shika simu mbali na sikio.

Binti wa kaka yako, akupendaye bila kipimo,
Tarumbeta